Gari la Nyumba Mbili

9 Februari 1996

Kwako Dada,

Hunijui, nami sikujui. Naomba usishtuke kupokea barua kutoka kwa mtu baki.

Mimi ni mwoka mikate. Hivi karibuni nimenunua gari kuukuu, refu, lenye kiti cha tatu nyuma kabisa kinachotazama lilikotoka gari badala ya linakokwenda. Rangi yake ni kijivu, au tuseme ilikuwa kijivu kabla kutu haijaingia. Nilikuwa nalisafisha, nikang'oa kiti cha dereva ili nifagie mchanga, na ndani ya kifuniko chake, mahali palipofumuka pakashonwa tena kwa mkono, nikakuta barua yako. Ilikuwa imefunguliwa, halafu ikakunjwa na kukunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Unisamehe, niliisoma. Ni ya Agosti mwaka jana, na inaanza hivi: "Baba, mbona kimya."

Anwani ya duka la miwani ilikuwa juu ya karatasi. Ndiyo nimeitumia.

Sina neno kubwa. Mtu akinunua kitu cha zamani hupenda kujua kimetokea wapi. Huyo baba unayemwandikia ndiye aliyekuwa mwenye gari? Nanyi mlikuwa mkilitumia? Ukipata nafasi nijibu. Barua yako nimeihifadhi, ukiitaka nitairudisha.

Wako,
Mwoka mikate, mnunuzi wa gari


27 Februari 1996

Bwana Mnunuzi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye mashine, nikakisaga kioo cha mteja mpaka kikabaki chembamba kama ganda la kitunguu. Mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata habari za gari letu. Akaniangalia, akaenda zake.

Ndiyo, ni la baba yangu. Sisi tulikuwa tukiliita Kobe. Mama ndiye aliyelipa jina hilo, maana lilikuwa likifika mlangoni polepole, limebeba kila kitu mgongoni. Baba ni mpima ardhi. Kazi yake ni kwenda kwenye mashamba na viwanja vya watu na kuwaonyesha mpaka uko wapi, kwa hiyo maisha yake ni ya kambini, mbali sana. Kwetu alikuwa akija mara moja kila wiki mbili, Alhamisi jioni. Jumapili asubuhi anaondoka. Nikisikia injini ile inakohoa kwenye kona, nilikuwa naacha chochote nilichoshika. Mama alikuwa akisema vikombe vyetu vyote vilivyovunjika vilivunjika siku ya Alhamisi.

Hicho kiti cha nyuma kinachotazama kinyume kilikuwa changu. Nilikaa katikati ya vigingi, mnyororo wa kupimia na ile miguu mitatu ya darubini, naitazama barabara inavyobaki. Watoto wengine walikuwa wakiona wanakokwenda. Mimi nilikuwa najua tunakotoka tu. Mpaka leo nikipanda basi napenda kukaa nyuma.

Sasa nami nina swali, na samahani likiwa la kukusumbua. Baba hajaja tangu Juni mwaka jana. Barua zangu za mwisho, nilizotuma kwenye sanduku lake la posta, zimerudi na muhuri. Ikiwa alikuuzia gari, basi umemwona. Alikuwa amekonda? Miguu yake bado inavimba? Yeye hawezi kukuambia anaumwa, ni mtu wa kusema yuko salama hata akiwa amelala chini, kwa hiyo niambie ulivyomwona wewe kwa macho yako.

Ukimwona tena, mwambie sina kinyongo. Kama ameuza gari kwa sababu hawezi tena kuendesha, si neno, nitamfuata mimi. Nina leseni, huwa naendesha gari la duka kupeleka miwani. Aniambie tu kambi iko wapi.

Mama yangu alifariki miaka mitano iliyopita. Ninaishi chumba cha nyuma ya duka: kitanda, jiko, na ukutani zile herufi kubwa na ndogo za kupimia macho. Jioni nikikosa wa kuzungumza naye huwa nazisoma kwa sauti mpaka mstari wa chini.

Msaga miwani


16 Machi 1996

Dada,

Asante kwa barua ndefu. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyompasa mnunuzi wa gari.

Juu ya mzee, gari nilikabidhiwa na mtu mwingine, kwa hiyo sina la kukueleza kwa sasa. Nitaulizia.

Wewe niambie zaidi. Alipokuwa akija kwenu alikuwa mzungumzaji? Alikuwa akicheka? Nauliza kwa sababu kila gari huwa na tabia za aliyeliendesha, na hili limenyamaza mno. Usukani umelika upande mmoja tu, wa kushoto, kama mtu aliyekuwa akiendesha kwa mkono mmoja maisha yake yote. Ule mwingine alikuwa akiufanyia nini?

Umeniambia mambo yako, si haki nikufiche yangu. Naamka alfajiri, nakanda unga na wenzangu wawili wasiopenda maneno, saa nne asubuhi kazi imekwisha na siku nzima iko mbele yangu haina kitu ndani yake. Mke wangu aliondoka mwaka wa tatu huu. Alisema kuishi nami ni kama kuishi na mtu anayesubiri kuitwa. Sikumwelewa wakati ule. Naishi na mama yangu mzazi. Gari liko uani mbele ya dirisha lake, na mama huketi hapo akiliangalia.

Jana nililiwasha. Liliwaka mara ya saba. Nilikata kona ya kulia kutoka uani nikajikuta nacheka peke yangu nikikumbuka ile honi inavyolia yenyewe kila ukikata kulia. Watu mlikuwa hamwoni haya, kupita mbele ya majirani mkipiga kelele kama mmebeba harusi?

Nijibu upesi ukiweza.

Mwoka mikate


2 Aprili 1996

Bwana,

Mzungumzaji hakuwa. Ila akiendesha alikuwa anaimba, wimbo mmoja tu, na hata huo hakuumaliza hata siku moja. Akizima injini na wimbo unakatika hapohapo. Mkono wa pili ulikuwa nje ya dirisha, ukipigapiga mlango. Tazama nje ya mlango wa dereva, utaona rangi imelika pia.

Alikuwa akinipa daftari la vipimo. Anatoka na mnyororo wake, anapiga kelele kutoka upande wa pili wa kiwanja: "Karani, andika." Anataja namba, naandika. Nikikosea hakufoka, alikuwa akisema tu, "Karani, hapo umempa mtu shamba la jirani yake." Jina langu halisi sikumbuki kama aliwahi kulitumia. Nilipofika miaka kumi na minne alinifundisha gia kwenye uwanja wa shule, nikaingia nalo kwenye ua. Lile bonyeo kwenye mlango wa nyuma upande wa kulia ni langu, kama bado hujalinyoosha.

Sasa nijibu wewe.

Honi ilikuwa ikilia ukikata kulia, ni kweli. Lakini Baba alikata waya wake nilipokuwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo gari lile halijawahi kulia honi kabisa. Ni miaka ishirini. Mtu aliyelinunua juzi hawezi kuikumbuka honi hiyo, wala kucheka akiikumbuka.

Wewe ni nani?

Msaga miwani


10 Aprili 1996

Dada yangu,

Baba amefariki.

Naanza na hilo kwa sababu nimelizunguka miezi miwili. Alifariki tarehe 14 Septemba mwaka jana, nyumbani, kabla ya saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi kitandani anavaa viatu. Kimoja alikuwa ameshakifunga.

Kazi yangu ni kuoka mikate, hilo halikuwa uongo. Gari sikulinunua. Nililikuta nyumbani, kama nilivyomkuta baba. Mimi ni mwanawe wa kwanza, na nilidhani ndiye wa pekee. Nina miaka thelathini na sita.

Tangu Juni daktari alikuwa amemkataza kuendesha. Miguu ilikuwa imejaa maji. Miezi mitatu alikaa kwenye kiti hicho anachokaa mama sasa, funguo za gari mfukoni. Asubuhi ile akasema kuna kiwanja lazima akakipime. Mama akamwambia, "Wewe ulishastaafu, kiwanja gani?" Akajibu, "Kilichobaki." Gari nilikuta amekwisha lijaza mafuta siku moja kabla, sijui alifikaje huko. Baadaye, nilipoipata barua yako, nilitazama kalenda. Tarehe 14 ilikuwa Alhamisi.

Kwetu alikuwa akitwambia anakwenda kambini. Kwenu vilevile. Sasa sijui kama kambi yoyote ilikuwako.

Nilipoisoma ile "Baba, mbona kimya" nilikaa kwenye mchanga wa uani nusu saa. Nilitaka kujua wewe ni nani kabla hujajua mimi ni nani. Nikabuni mnunuzi. Nilidhani utajibu mistari miwili. Ukanijibu kwa moyo wote, ukaniuliza kama amekonda, na mimi nikakosa ujasiri. Halafu ukaanza kunisimulia baba ambaye sikuwahi kumwona, anayeimba, mkono nje ya dirisha, nikataka uendelee. Huo ndio ukweli wenyewe na hauna uzuri wowote. Nilikuwa nakuibia. Nasi akituendesha alikuwa kimya, mikono miwili kwenye usukani.

Jambo jingine. Mimi pia aliniita Karani. Mimi pia nilishika daftari. Nilipofika kwenye neno hilo katika barua yako nilitoka nje. Nafikiri alituita jina moja ili ulimi usimponze.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliokota utepe mwekundu wa nywele kwenye kiti cha nyuma. Nikamwuliza. Akasema wapima ardhi hufunga utepe mwekundu kwenye vigingi ili vionekane kwa mbali. Nikaamini, kwa sababu ni kweli huwa wanafunga. Nilikuwa nao muda mrefu kama alama ya kitabu. Sasa nadhani ulikuwa wako.

Mama hajui lolote. Ukiniandikia, tumia anwani ya tanuri iliyoko juu ya bahasha hii.

Sijui niseme pole au niombe radhi. Naona vyote viwili ni vidogo.

Kaka yako,
Mwoka mikate


30 Julai 1996

Nimekaa miezi mitatu na ushei bila kukujibu, na ningeweza kukaa zaidi.

Ulijua, ukaniacha nikuulize kama marehemu amekonda. Ulijua, ukaniacha nikutume salamu. Nimejaribu kukuonea huruma nikashindwa, nikaweka barua yako ndani ya boksi la vioo vilivyovunjika, na kila siku nikitupa kioo humo naiona.

Sina mtu mwingine wa kumwuliza, ndiyo maana naandika. Jibu haya na usiongeze kitu.

Nani alimwosha? Alivaa nini? Kaburi lake lina kivuli? Alizikwa na miwani yake au alivuliwa? Ile ya kusomea, yenye kioo cha kushoto kizito kuliko cha kulia. Niliisaga mimi. Ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya peke yangu bila kusimamiwa, na ilinichukua siku tatu.

Na ili nawe usidhani uliumia peke yako: nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikuta kiatu cha mpira chini ya kiti cha mbele. Kimoja, cha mvulana, kikubwa kuliko mguu wangu. Baba akasema ni cha mtoto wa mwenzake kazini. Nilikivaa nikatembea nacho chumba kizima. Nilikuwa namwonea wivu mtoto huyo kwa kuwa anaishi karibu na kambi na anamwona Baba kila siku. Kiatu kiliporudi ndani ya gari nilikuwa nimekifunga kamba vizuri, fundo lenye mabawa mawili kama kipepeo, ili ajue kuna mtu.

Msaga miwani


15 Agosti 1996

Dada,

Nilimwosha mimi, pamoja na jirani yetu fundi bomba. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali ya kijivu. Kaburi lina kivuli kuanzia saa nane mchana, asubuhi halina.

Kiatu kile nakikumbuka. Nilidhani mama ndiye aliyekifunga.

Miwani hakuzikwa nayo. Anaivaa mama. Yake ilivunjika wiki ya msiba, akajaribu ya baba akasema inamfaa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, isipokuwa upande wa kushoto inamvuta kidogo. Anasomea magazeti. Leo asubuhi alikuwa ameivaa aliponiita.

Uliniambia nisiongeze kitu. Hili lazima niliongeze.

Nilitoka kazini saa nne kama kawaida. Nikamkuta mama ameketi penye dirisha, mapajani ana barua zako zote na rasimu za zangu. Nilikuwa nimezificha kwenye mfuko wa koti la kazini, na yeye ndiye anayefua. Miaka thelathini na sita na bado sijajifunza kwamba nguo zangu zina mwenyewe.

"Keti," akaniambia. Nikaketi.

"Anaandika vizuri. Wewe unaandika kama mtu anayeomba kazi."

Nikamwambia, "Mama, nilitaka kukueleza."

"Unieleze nini?" Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaitazama huku na huku kama ndiyo anaiona mara ya kwanza. "Gari lile unafikiri nani alikuwa akiliosha?"

Ni kweli, alikuwa akiliosha yeye. Kila baba aliporudi, kabla hata hajanywa maji, mama alikuwa ameshatoka na ndoo. Tulikuwa tukimtania kwamba analipenda gari kuliko sisi.

"Mtu anayeosha gari anajua waliopanda," akasema. Halafu akaomba karatasi na kalamu. Aliandika mchana kutwa, hakuniruhusu kusoma. Akiimaliza nitaituma kama ilivyo. Sijui ameandika nini, na nina hofu.

Kaka yako


1 Septemba 1996

Kwako Binti,

Mimi ni mama yake huyu mwoka mikate. Mwandiko wangu si mzuri, nivumilie.

Mwanangu amekudanganya, na mimi nimemdanganya yeye kwa kunyamaza, na baba yenu alitudanganya sote. Kwa hiyo tusianze kuulizana nani mkubwa.

Nilikujua ukiwa na miaka mitatu. Gari lilirudi likinuka maziwa yaliyoganda, na nyuma ya kiti kulikuwa na alama ya matapishi iliyofutwa ovyo, kwa namna mwanamume anavyofuta. Mtoto wangu alikuwa na miaka kumi, hatapiki maziwa. Nililisugua mpaka harufu ikatoka. Nilikuwa na maneno tayari kinywani. Yeye akaingia, akaketi, akaniuliza kama kuna chai. Nikampa chai. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini nilimpa chai.

Baadaye nikawa nakutazamia. Wiki moja kuna maganda ya penseli, najua umeanza shule. Wiki nyingine kuna jino limefungwa kwenye karatasi ya daftari, kwenye kisanduku cha mbele. Ulitaka akutunzie. Nililirudisha palepale, nikafunga. Nyayo zako kwenye kioo cha nyuma, ulikuwa unaweka miguu juu huku umelala. Kila mwaka nyayo zinakuwa kubwa, nami nazifuta. Nimekulea kwa kitambaa na sabuni, na hujawahi kuniona.

Usidhani nilikupenda. Kuna siku nilikuchukia. Kuna siku niliona mvua inanyesha nikawaza kama nyumba yenu inavuja. Mambo hayo yalikuwa yakinijia kwa zamu, na hakuna aliyeniuliza ni zamu ya nini.

Mama yako sikumjua. Nasikia ametangulia. Mungu amrehemu. Nilitamani kumwuliza jambo moja tu, kama naye alikuwa akijua. Usinijibu.

Sasa sikia. Usije nyumbani kwangu. Si kwa ubaya. Nina sura yake kwenye ukuta na kwenye huyu mwanangu, ya tatu sitaiweza. Ila gari lichukue. Mimi sitaki tena kuamka na kulikuta pale dirishani linanisubiri nilioshe. Kaka yako hana haja nalo, anakwenda kazini kwa miguu. Yeye alifundishwa kuendesha na chuo, wewe ulifundishwa na baba yako. Ni haki yako.

Miwani umeisaga vizuri. Sikurudishii.

Mama wa Mwoka mikate


22 Septemba 1996

Dada,

Barua ya mama niliituma bila kuisoma, ila ameniambia kilichomo. Umekubali kwa mistari mitatu, nimeridhika na hiyo mitatu.

Tufanye hivi. Jumamosi tarehe 5 Oktoba nitaendesha mpaka kituo cha mafuta cha njia panda, pale malori yanapogeukia. Fundi amebadilisha betri na kufunga mipira mipya ya breki, gia ya pili bado inataka kubembelezwa. Nitamwachia funguo mama mmoja anayeuza mafuta zamu ya asubuhi, tumekwisha zungumza. Wewe fika saa tano. Mimi nitakuwa nimekwisha ondoka kwa basi.

Mama ameomba tusionane. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Mkionana mtakuwa wawili, nami nitabaki peke yangu na yeye ukutani." Sikuweza kubishana.

Jana alilitoa uani mwenyewe kwa kunisukumisha, akaleta ndoo mbili. Nilipotaka kumsaidia akasema nisimharibie kazi. Aliliosha mpaka chini ya matairi.

Kaka yako


7 Oktoba 1996

Kaka,

Hii ni mara ya kwanza kukuita hivyo, usinifanye nijute.

Nilifika kituoni saa tano kasoro robo kwa gari la abiria. Yule mama wa mafuta alinitazama tu akatoa funguo, hakuniuliza kitambulisho. Akasema, "Huna haja, nimeshaona." Injini ilikuwa bado ya moto. Nikajua hujafika mbali.

Nilikaa ndani muda kidogo. Nilirekebisha kiti na kioo. Ulikuwa umekaa mbali na usukani kuliko mimi, kwa hiyo una miguu mirefu. Hayo ndiyo mambo niliyokuwa nikijifunza kukuhusu.

Nilipotoka kwenye lango, ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha basi, palikuwa na mwanamume amesimama. Mkono mmoja nyuma kiunoni, mwingine umeshika kofia. Viatu vyake vilikuwa na unga kwenye kamba. Sikuhitaji kuuliza. Umesimama kama yeye, kaka, umesimama kama mtu anayetazama mpaka wa shamba la watu. Nilipunguza mwendo. Uliangalia chini. Nami nikaangalia mbele, kwa sababu mama yako aliomba, na kwa sababu sikujua uso wangu unafanya nini. Nikapita.

Nilikwenda kama kilomita nne. Nilipofika kwenye daraja nikaona siwezi. Nikageuza, gari likazima katikati ya barabara, dereva wa lori akanitukana mpaka akachoka. Niliporudi kibanda kilikuwa kitupu. Yule mama wa mafuta alitikisa kichwa kutoka mbali, akanionyesha kwa mkono basi lilikoelekea.

Basi nikarudi zangu. Nilikwenda polepole, gia ya pili niliibembeleza kama ulivyosema. Nilijiandaa kwa safari ndefu, nilibeba maji na nguo za kubadilisha, maana Baba alikuwa akifika kwetu amechoka kama mtu aliyetoka mwisho wa dunia. Alikuwa akilala mpaka Ijumaa mchana, na mimi na mama tukitembea kwa ncha za vidole tusimwamshe.

Safari nzima ni mwendo wa saa moja na dakika kumi. Nilitazama saa yangu mlangoni, nikadhani imesimama. Kutoka kituoni mpaka kwangu ni saa moja na dakika kumi, na wewe utakuwa vivyo hivyo, kama si pungufu. Nilikaa ndani ya gari nje ya duka mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimeharibikiwa. Tulikuwa karibu namna hii. Baba hakuwa akichoka kwa barabara.

Sikumjibu mama yako jambo alilonikataza kulijibu, na sitalijibu. Mpe heshima zangu. Mwambie kioo cha kushoto kinamvuta kwa sababu kilisagwa kwa jicho la mtu mwingine. Anipimie umbali kutoka kwenye pua mpaka kwenye gazeti, aniandikie, nitamsagia chake.

Amesema nisije nyumbani kwake, na sitakuja. Lakini kituo cha mafuta si nyumbani kwake. Mwulize. Usimfiche, tumefichana vya kutosha. Akisema hapana, niandikie hapana nitaelewa.

Jumapili duka letu hufungwa. Tarehe 20 nitakuwa pale njia panda saa nne asubuhi, nimeegesha upande wa pampu ya upepo. Nitakungoja mpaka saa sita. Usipokuja nitajaza upepo matairi, nirudi.

Dada yako